Majani ya Mchu Kabla Umande Haujakauka

Tulikuwa sita, na niwataje kwanza. Bibi yangu mzaa mama, mpika chumvi. Mama yangu, binti yake bibi. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na siku kumi na tisa tangu azaliwe, ameshanyolewa nywele za kwanza na jina ameshapewa. Mjomba, kaka yake mama, mtu mrefu asiyejua kutembea polepole. Mkaza mjomba, yaani mkewe, mtu wa Diaca huko bara, wazazi wake wakulima. Na mimi, msichana ambaye hajavunja ungo. Baba hakuwepo. Alikuwa amevuka Ruvuma kabla ya masika na hatukuwa na habari zake.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na ya waliowapa majina hayo. Siyaandiki, kwa sababu wapo walio hai ambao sikuwaomba ruhusa.

Ilikuwa wakati wa vita vya kumtoa Mreno. Tropa, askari wa Mreno, walikuja kijijini kwetu wakasema kila mtu ahamie aldeamento, kile kijiji cha uzio wa waya karibu na barabara, na atakayebaki nje atahesabiwa kuwa mtu wa msituni. Waliohamia kabla yetu hawakuruhusiwa tena hata kushuka pwani kuokota kombe. Mjomba alikataa. Ndugu mmoja wa baba mwenye mashua alikuwa ameahidi kutuchukua siku za bamvua, maji yakiwa makubwa kiasi cha mashua kuingia hadi nyuma ya mikoko, atupeleke upande wa Tanganyika. Siku ile tulipokimbia yalikuwa maji mafu, yale madogo yasiyopanda wala kushuka sana. Ilibidi tungoje siku saba humo humo mikokoni.

Tuliingia na vibuyu viwili na mtungi. Siku ya pili mkaza mjomba aliteleza juu ya mizizi na mtungi ukavunjika. Alikaa kwenye tope akikusanya vigae kana kwamba vitaungana. Mjomba akamwambia watu wa Diaca wafundishwe kutembea upya, na yeye akamjibu kwamba kwao miti ina adabu, mizizi yake inakaa chini ya ardhi. Tulicheka kidogo. Siku ya nne kibuyu cha kwanza kilikuwa kimekwisha na cha pili kilikuwa na maji ya kufunika kitako tu.

Watu wazima huvumilia kiu. Lakini mama alikuwa ananyonyesha, na maziwa yakaanza kukatika. Mdogo wangu alilia siku ya tatu, akalia siku ya nne asubuhi kwa sauti ya paka mchanga, na mchana akanyamaza. Bibi alimpapasa utosi. Ulikuwa umebonyea, kidole kinatua kama kwenye kijiko. Mimi nilimwona anavyomtazama mjomba, na mjomba anavyotazama pembeni.

Kisima cha kijiji hakikuwa mbali. Unavuka miti ya michu, unavuka jangwa la chumvi, umefika. Lakini tropa walikuwa wamepiga kambi pale pale kisimani, kwa sababu wao nao walijua aliyejificha atakunywa wapi.

Anayeiona mikoko kutoka baharini hudhani ni mti mmoja uliorudiwarudiwa. Sivyo. Mbele kabisa, uso kwa uso na mawimbi, unasimama mlilana. Mizizi yake huchomoza vijiti juu ya tope, vingi kama vidole, maana chini ya tope lile hakuna hewa na mti nao unataka kupumua. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, ule wenye magoti. Mkoko haudondoshi mbegu kama miti ya shamba. Unazaa mtoto aliyekwisha kuchipua, mrefu kama mkono kutoka kiwiko, unamshikilia hadi awe na nguvu, kisha unamwachia aanguke wima kwenye tope, na maji yasipomchukua anasimama hapo hapo. Tulipofika siku ya kwanza bibi alimwonyesha mama watoto wale wananing'inia, akamwambia, "Umeona, mwanangu? Hata huyu hakukaa arobaini ndani." Kwa sababu mama alipaswa kuwa chumbani siku arobaini, anakandwa na maji ya moto, na badala yake alikuwa kwenye tope hadi magotini.

Nyuma ya mikoko ni mkandaa, mfupi, uliosongamana hata mbuzi hapiti. Humo ndimo tulimokaa. Mjomba alilaza magogo juu ya tope, tukatandika mkeka. Na nyuma ya mkandaa, ukikaribia nchi kavu, ni mchu.

Huu mchu ndio niliotaka kuueleza tangu mwanzo. Unakaa mahali ambapo bahari hufika siku za bamvua tu. Siku zilizobaki jua hukausha yale maji na kuacha chumvi ardhini, na chumvi hiyo huzidi ya bahari yenyewe. Mti mwingine ungekufa kwa wiki. Mchu unakunywa maji hayo hayo, halafu chumvi unaitoa kama jasho kwenye majani. Lishike jani jua likiwa kali utaona chembe nyeupe zinametameta. Ukililamba, ulimi unawaka.

Bibi aliujua mchu kwa sababu ya kazi yake. Wapika chumvi wa kwetu walikuwa wanawake. Walikwangua udongo wa jangwa, lile bapa jeupe lililo nyuma ya michu, wakauchuja kwa maji ya bahari na kuyachemsha yale yaliyochujika hadi chumvi ibaki chunguni. Kuni ni kazi, kwa hiyo hukwangui popote tu. Bibi alipita mti hadi mti akilamba majani, na palipokuwa na jani kali kuliko yote, hapo mbele yake ndipo alipokwangua. Tangu nina miaka saba nilikuwa nalamba pamoja naye. Alikuwa ananiita mke mwenzangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na akiwaambia wenzake kwamba ulimi wa mke mwenziwe ni mkali kuliko wake, nilivimba kichwa. Tulitoka baada ya sala ya adhuhuri, siku zote. Sikuwahi kuuliza kwa nini saa ile. Nilidhani ni kwa sababu ya sala.

Jioni ya siku ya nne bibi alikuwa na homa. Siku ya kwanza alikanyaga chaza waliojibandika kwenye mizizi ya mkoko, wakamkata wayo, na mguu ukavimba. Alikuwa amelala juu ya mkeka na akazungumza macho yamefumbwa. Alisema mvua ya masika haipotei yote, nyingine inapita chini ya mchanga kutoka bara kwenda baharini, na mahali inapotokea mchu unaipata kwanza. Mchu unaokunywa maji baridi hauna jasho. Maisha yake yote ametafuta jani kali, akasema, na sasa itabidi atafute jani lisilo na kitu. "Kesho nikiamka na nguvu, tutakwenda mimi na mke mwenzangu."

Nilimsikia vizuri. Na niliwaza kwamba akiamka nitakuwa nimeshayaleta maji.

Kulipokucha bibi alikuwa bado amelala, anahema kwa nguvu. Nilichukua panga, kibuyu kitupu na ganda la kombe la kuchotea. Nilimwambia mama nakwenda kutafuta. Alinitazama tu. Mjomba alikuwa mbele kwenye mikoko akichungulia mkono wa bahari, kwa sababu maji yalikuwa yanajaa na yakijaa lancha, boti ya injini ya tropa, huingia. Nilijua nina muda hadi saa nne hivi.

Ilikuwa kipupwe. Umande ulikuwa mzito, kila jani linadondosha matone, kanga yangu ikalowa hadi kiunoni kama nimeoga. Nilifika kwenye michu nikaanza kulamba. Mti wa kwanza jani lilikuwa na chumvi kidogo. Wa pili, kidogo zaidi. Nikasogea upande wa kusini, penye kivuli. Wa tano haukuwa na kitu, wa sita pia. Nililamba jani la pili na la tatu, yote ni maji tu mdomoni. Nilijiambia nimepata, tena kwa haraka kuliko bibi.

Nilichimba chini ya mti ule kwa panga na kwa mikono. Tope lilikuwa jeusi, linanuka mayai yaliyooza. Kiwiko kilipozama maji yakaanza kutoka kidogo kidogo. Niliyaacha yatulie nikayachota kwa ganda, nikajaza kibuyu nusu. Niliyaonja. Wallahi niliyaonja, lakini ulimi wangu ulikuwa umekufa kwa chumvi ya siku nne, midomo imepasuka, na nilitaka sana yawe matamu. Nilirudi mbio nimekikumbatia kibuyu kifuani.

Mjomba alikuwa amerudi kwenye mkeka. Nakumbuka mkono wake unavyokipokea kibuyu, kovu la mshipi wa kuvulia kwenye kidole gumba. Alisema mama asinywe kwanza. Akaonja yeye, akayazungusha mdomoni, akageuka akatema. Hakunikasirikia. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, haya ni ya kupikia chumvi."

Nikaona aibu iliyonikausha hata machozi. Mama aligeuzia uso upande wa pili.

Bibi aliamka kwa mazungumzo yale. Aliuliza nilikwenda saa ngapi. Nikasema alfajiri. Akauliza, "Majani yalikuwa yamelowa?" Nikasema yalikuwa yamelowa mno. Akafumba macho. Kisha akanieleza, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto wa mwenzake. Umande huosha jani. Mchu unatoka jasho mchana kutwa, usiku umande unalisafisha, asubuhi majani yote ni mamoja, ya penye chumvi na ya penye maji. Ndiyo maana mpika chumvi hatoki asubuhi. Jua lazima likaushe jani kwanza, kisha lilipe jani muda wa kusema.

Miaka sita nililamba naye na hilo sikulijua.

Hapo hapo tukasikia lancha. Hatukuwa na muda wa kitu kingine. Tulilala kifudifudi kwenye tope, maji yanatupanda mbavuni, na injini ikaingia mkono wa bahari taratibu, ikazima. Walikuwa karibu hata tulisikia mmoja anakohoa na mwingine anacheka. Mtu angedhani tulimwogopea mtoto asilie. Mimi nilikuwa naomba alie. Mama alikuwa amemlaza shingoni mwake, na mtoto alikuwa ametulia, mdomo wazi, na kila baada ya muda mama alimpulizia usoni kidogo aone kope zinatikisika. Zilitikisika. Mtu fulani alinishika mkono wakati wote ule, akaubana hadi vidole vikafa ganzi. Ninasema alikuwa mjomba.

Jua lilipofika utosini maji yakaanza kushuka, na lancha ikatoka. Mjomba alisimama, akafunga shuka vizuri, akachukua kibuyu, akamwaga maji yangu.

Alisema anakwenda kisimani. Tropa hulala baada ya kula, na yeye anajua njia ya nyuma, kwenye mikindu. Bibi alimwomba angoje. Alisema jua likigeuka tu majani yatakuwa tayari, na yeye atakwenda hata kwa kutambaa. Mjomba akajibu, "Mama, mimi nangoja. Huyu hangoji." Akaonyesha mtoto kwa kidevu.

Mkaza mjomba alikuwa ameketi juu ya gogo anakamua tope kwenye kanga, na kwa vile alikuwa mtu wa mzaha hata kwenye shida, akamwambia mumewe, "Ukirudi na kibuyu kitupu, leo ulale na kaa." Mjomba akasema kaa nao wana makucha mafupi kuliko ya mkewe. Kisha akaondoka. Niliona mgongo wake unapita kati ya mikandaa, halafu mikandaa ikajifunga.

Nilingoja na bibi. Sijawahi kulitazama jua vile. Bibi alikuwa amelishika jani moja la mchu lililoletwa na maji, analigeuzageuza, anangoja kivuli cha gogo kifike kwenye kidole chake. Kilipofika alisema, "Haya, mke mwenzangu. Nipe bega."

Alitembea kwa mguu mmoja na mimi, na penye tope zito alitambaa kwa magoti. Tulipofika kwenye michu majani yalikuwa yamekauka na yametoka chembe. Mti niliouchimbia asubuhi, nililamba jani lake, nikatema. Lilikuwa kali kuliko yote. Bibi hakunisema. Alinielekeza kulamba moja moja na kumwambia: kali, kali, kali kidogo, kali. Yeye alilamba upande wake. Tulikwenda kwa mtindo huo, tukigeuka kila chumvi ilipozidi, kama mtu anayefuata harufu ya jiko gizani. Jangwa lilikuwa karibu sana. Tuliliona jeupe kati ya vigogo, na tukienda mbele kidogo tu yeyote aliye upande wa pili angetuona.

Chumvi ikapungua. Kali kidogo, kidogo, kidogo sana. Miti ikawa mirefu, majani mapana. Mwishowe tulifika kwenye mchu mmoja mkubwa, na chini yake palikuwa na jimbi la pwani, mmea wa penye maji baridi, majani marefu kama ya mgomba mchanga. Nililamba jani. Lilikuwa kavu kabisa, limepigwa na jua, na halikuwa na ladha isipokuwa uchungu wa jani. Nililamba la pili. La tatu. Niliogopa kusema. Bibi alilamba mwenyewe, akakaa chini kwa kishindo, akaanza kuchimba kwa mikono.

Kulikuwa na tope jeusi, kisha mchanga mweupe, na kwenye mchanga ule maji yalikuja yenyewe, baridi. Bibi alinizuia nisionje. Aliniambia nisukutue mdomo kwanza, niteme, nisukutue tena, ndipo nionje. Yalikuwa na ladha ya majani na chumvi kidogo sana, kama machozi ya mtu aliyelia zamani. Yalikuwa ya kunywa.

Kibuyu kilichobaki kilikuwa cha pili, kile kidogo. Nilikuwa nakijaza kwa ganda, ganda la nne au la tano, nilipousikia mlio. Mmoja. Ndege wakaruka kutoka upande wa mikindu. Kisha miwili, karibu karibu.

Bibi hakuinua kichwa. Alisema, "Chota."

Nikachota.

Mama alikunywa, akapumzika, akakunywa. Tulimlowesha mtoto midomo kwa ncha ya kanga, tone kwa tone. Nilirudi kwenye shimo mara mbili kabla jua halijazama. Kabla ya asubuhi mtoto alikojoa, na bibi akapitisha mkono kwenye ule unyevu akaupaka usoni kwake kama mtu anayetawadha. Siku ya sita maziwa yakarudi. Siku ya saba maji makubwa yakaja, na mashua ikaja, tukapanda watano.

Mdogo wangu yupo. Ana wajukuu kunizidi, na hataki kusikia habari hizi. Bibi alifia upande wa pili, kwa mguu ule ule. Baada ya uhuru tuliporudi, waliokuwa aldeamento walituambia mjomba alizikwa na wazee wawili walioruhusiwa kutoka, alisaliwa, na kibuyu alikuwa nacho na kilikuwa kimejaa. Mkaza mjomba alipolisikia neno hilo la kujaa aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa kwetu hadi mwisho wake, hakuolewa tena.

Yeye ndiye aliyenivuruga. Mwaka aliokufa aliniita akaniambia kwamba tangu zamani ananisikia nikisimulia vibaya. Alisema mjomba hakuondoka mchana. Aliondoka alfajiri, nyuma yangu tu, mimi nikiwa bado kwenye michu, na alikuwa ameazimia tangu jioni. Aliyeonja maji yangu akatema ni yeye, mkaza mjomba. Aliyenishika mkono wakati wa lancha ni yeye. Mzaha wa kaa aliusema kweli, lakini umande ulikuwa bado haujakauka. Mjomba alishinda mikinduni akingoja nafasi, na nafasi ilikuja alasiri.

Nikamuuliza mbona nakumbuka kovu. Akaninyooshea mkono. Naye alikuwa na kovu kwenye kidole gumba, la jembe. Sasa sijui alisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, au kwa sababu alikuwa anakufa na alinionea huruma. Kwa jinsi ninavyokumbuka mimi, mjomba alionja maji yangu ndipo akaondoka. Na kama ningengoja jua, angengoja na yeye.

Kwa hiyo nawaomba mnaosoma. Majina ya miti nimeyaandika kama tulivyoyasema kwetu, na Wamwani, jirani zetu wa kusini, wana ya kwao. Palipo na kosa mnirekebishe. Lakini zaidi ya miti, ng'ambo ya mkono ule wa bahari kulikuwa na familia nyingine zimejificha kama sisi, na watoto wao ni wazee leo. Kutoka kwao mtu aliweza kuliona jangwa lote. Kama yupo aliyemwona siku ile mtu mrefu akivuka kwa haraka kwenda upande wa bara, jua linakozama, na kibuyu mkononi, aniambie kitu kimoja tu: kivuli chake kilikuwa mbele yake au nyuma.